Kahawa Chungu ya Papa Kambale

Kabla hujamuuliza mgonjwa anakunywa nini, mwombe akuonyeshe kijiko chake. Hilo ndilo ninalowaachia, ninyi vijana mnaovaa koti jeupe leo. Mengine niliyojifunza katika kazi ya uuguzi mtayapata shuleni, tena yakiwa yamepangwa vizuri kuliko nitakavyoyapanga mimi. La kijiko sikufundishwa na mwalimu. Nililipata kwa kumkosea mtu mmoja mbele ya mke wake, na ilinichukua karibu mwaka mzima kulirekebisha.

Miaka mingi ya vita nilifanya kazi katika kituo kidogo cha afya kando ya barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kashebere. Jina la kituo naliacha, maana kosa lilikuwa langu. Tulikuwa wauguzi wawili, vitanda sita, na pazia moja la kitenge kati ya chumba cha kupimia na benchi la wanaosubiri. Mlikumbuke hilo pazia.

Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki, mwenye duka Kashebere. Aliuza sukari, biskuti, mafuta ya kula, sabuni na misumari. Alipokuwa kijana alitembea nyuma ya mizigo yake hadi Walikale na kurudi. Baadaye akanunua lori. Kisha vita ikakata barabara pande zote mbili, lori likawekewa mawe chini ya magurudumu nyuma ya duka, na kuku wakaanza kutagia chini yake. Mwenyewe akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango. Kiti kikavunjika. Fundi akamtengenezea cha mbao, kipana.

Watu wote walikuwa wakikonda wakati ule, yeye akanenepa. Wanawake waliopita na mihogo kichwani walimtania bila huruma.

"Papa Kambale, vita ya kwako iko na mafuta!"

"Stok inaoza, ba Mama!" alijibu akicheka. "Munataka niitupe? Bora niikule."

Jambo moja kila mtu Kashebere alilijua. Miaka tisa kabla ya hapo, Kambale akiwa amekunywa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, alipindua lori kwenye kona upande wa Hombo. Mke wake aliitwa Mama Kavira, na mdogo wa huyo mke alikuwa amekaa juu ya mizigo. Alikufa palepale. Kambale alisimama kanisani mbele ya watu akaapa kwamba pombe haitaingia tena kinywani mwake. Mama Kavira hakusema mengi. Alimwambia kwamba siku atakapoionja tena, yeye atarudi Butembo kwa baba yake, na hawataonana.

Basi, asubuhi moja Papa Kambale akaja kituoni kwangu, akipumua kama mtu aliyepanda mlima, ingawa alikuja nyuma ya pikipiki. Alilalamika uchovu, na uzito chini ya mbavu za kulia. Nikamlaza.

Muuguzi mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akituchapa vidole kwa kalamu tukimshika mgonjwa kwa mikono baridi. Pasha mikono kwanza, alisema, kwa sababu tumbo lililoshtuka linajikaza na kuficha kila kitu. Kisha usianzie juu. Anza chini, karibu na nyonga, mwambie mgonjwa avute pumzi, na usubiri ini lishuke lenyewe likutane na vidole vyako. Nilifanya hivyo. Ini la Papa Kambale lilishuka vidole vitatu chini ya mbavu, laini, butu. Vidole vyangu vilifanya kazi yao vizuri. Kilichokosea ni kichwa.

"Papa, unakunywaka?"

"Hapana, Mama Muganga. Miaka tisa sasa. Hata tone."

"Hata kasiksi kidogo? Hata lutuku ya kuondoa baridi?"

"Nimesema hapana."

Nilikuwa nimeshika maini mengi yaliyovimba kwa lutuku, pombe kali ya kienyeji. Askari, wachimba madini, wazee wa kijiji. Wote waliniambia hapana kwanza. Nikapandisha sauti, kama tunavyopenda kufanya tukiwa tumevaa koti.

"Papa, ini haidanganyake. Hii ini iko ya mutu wa pombe."

Nyuma ya pazia benchi zima likanyamaza. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, taratibu kabisa:

"Aksanti, Mama Muganga. Nilikuwa nataka tu kujua."

Mama Kavira alikuwa amekaa pale na koti la mumewe mapajani. Alilikunja, akaliacha kwenye benchi, akaondoka kwa miguu.

Alitaka kwenda Butembo siku ileile. Lakini kwa barabara gani? Kwa hiyo akafunga nguo zake katika kitenge na kuhamia kwa rafiki yake, mshona nguo, ambaye nyumba yake ilitazamana na duka la mumewe. Barabara tu katikati. Kila asubuhi Papa Kambale alifungua duka, na upande wa pili Mama Kavira alifungua dirisha. Furushi lake lilikuwa juu ya meza karibu na hilo dirisha, limefungwa tayari, ili kila mtu alione. Alikuwa akisubiri lori la kwanza litakalopita.

Wakati huo nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Wiki chache baadaye nilisindikiza mgonjwa hospitali kubwa, upande wa Masisi. Alikuwa msichana wa miaka mitatu, wa familia iliyokimbia vita, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya mahindi, ngozi inabanduka. Ninyi mnaufahamu ugonjwa huo, kwashi, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa muhogo mtupu. Mama yake alimbeba mgongoni siku mbili, tukipokezana, na mahali pengine watu walitusaidia kwa chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili.

Pale nilimkuta Dokta Anselme. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kando yake kila wakati palikuwa na chupa ya kahawa nyeusi isiyo na sukari. Hospitali ilikuwa imepata mashine ya ekografi, ile inayoonyesha viungo vya ndani kwenye kioo, na Dokta aliitumia kila jenereta ilipowashwa. Alipompima yule msichana aliniita nitazame.

"Hii iko figo," alisema, akionyesha kitu cha kijivu. "Na hii pembeni yake iko ini. Zinapaswa kufanana rangi. Unaona nini?"

Ini lilikuwa kubwa, tena liling'aa, jeupe kama ukungu wa asubuhi juu ya bonde.

"Iko nyeupe, Dokta."

"Iko mafuta. Sasa niambie, Muganga, huyu mutoto anakunywaka lutuku?"

Nilicheka. "Dokta, iko na miaka tatu!"

Yeye hakucheka. Na kicheko changu kikakatika katikati, kwa sababu nilimkumbuka mtu mmoja kwenye kiti cha mbao.

Nilimweleza Dokta kila kitu, hata habari ya pazia. Alinisikiliza huku akimimina kahawa. Kisha akanieleza kwa namna ambayo sijaisahau. Ini, alisema, ni kama dipo, ghala la mfanyabiashara. Mizigo inaingia, mizigo inatoka. Kwa huyu mtoto, anayekula muhogo bila maharagwe wala samaki, mafuta yamekosa gari la kuyatoa, yakabaki ndani. Kwa mtu anayekula sukari na mafuta mchana kutwa na kukaa, mizigo inaingia mingi kuliko inayotoka. Dipo inajaa. Pombe ni mlango mmoja wa kuijaza. Kuna milango mingine.

"Na mashine inaweza kusema ni mlango gani?" nilimuuliza. Nilitaka karatasi ya kumpelekea Mama Kavira.

"Hapana. Mashine inaona mafuta tu. Haioni ilipitia wapi. Kuuliza njo kazi yako."

Nilipokuwa nikiondoka aliongeza kwamba waliochunguza mambo ya ini wameona wanywaji wa kahawa mara nyingi ini lao linakaa vizuri zaidi. "Si dawa," alisema. "Iko musaidizi. Dawa ni kupunguza mwili, kuacha sukari, kutembea." Nilishika neno kahawa. Lile la sukari nalo nililisikia, lakini nililibeba vibaya, kama mtakavyoona.

Niwaambie kwa nini neno kahawa lilinishika. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa kwenye milima ya Masisi. Tulichuma matunda mekundu, tukayamenya, tukayaosha, tukayaanika. Mikono yetu ilinuka kahawa, lakini nyumbani hatukuinywa. Siku moja nilimuomba baba tuonje. Akanitazama kama mtu aliyeomba kupika mbuzi wa mahari.

"Kahawa iko ya kuuza, mwanangu. Unataka tukunywe masomo yako?"

Alikufa bila kuonja kikombe kimoja cha kahawa aliyoipalilia maisha yake yote. Kwa kahawa hiyo nilisoma uuguzi.

Niliporudi kituoni nilisubiri siku ya chanjo, benchi likiwa limejaa. Nikamwita Papa Kambale, nikafungua pazia lote, nikasema mbele ya watu kwamba nilikosea, kwamba ini linaweza kujaa mafuta bila tone la pombe, na kwamba nilimtukana mtu aliyekuwa akisema kweli. Papa Kambale alivua kofia, akaigeuzageuza.

"Mama Muganga," alisema, "mi nilikuwa naanza kujiuliza kama nakunywaka katika usingizi."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akajifuta macho. Mtu huyo angeweza kunichukia, na sehemu yote ile ingemfuata. Sijui mpaka leo alipata wapi moyo wa kutofanya hivyo.

Lakini Mama Kavira hakuwa rahisi. Nilimfuata nyumbani kwa mshona nguo. Alinisikiliza akiwa amekaa karibu na furushi lake.

"Jana ulisema pombe," alisema. "Leo unasema mafuta. Kesho utasema nini, Mama Muganga? Utasema Kambale iko na mimba?"

Nilistahili.

Nikamwambia Papa Kambale apunguze vitu vya kukaanga na aache soda. Tena anywe kahawa, asubuhi na mchana. Nilisema hivyo tu, kahawa, kwa sababu mbele ya macho yangu kulikuwa na kikombe cheusi cha Dokta Anselme, nami nikadhani kila anayesikia neno hilo anaona kikombe hicho.

Miezi mitatu ikapita. Soda aliacha kweli. Lakini mkanda ulihitaji tundu jingine, na uzito chini ya mbavu ulizidi. Nilipompima, ini lilikuwa limeshuka kidole kizima zaidi. Kashebere ilianza kunong'ona upya. Na mimi, niseme kweli, usiku huo nilijilaza nikiwaza: huenda anakunywa. Huenda sikukosea tangu mwanzo. Wakati huohuo habari zikaja kwamba barabara inafunguliwa, malori yameonekana upande wa Masisi. Mama Kavira alikuwa amelifunga furushi lake upya, kwa mafundo mawili.

Nikakumbuka maneno ya Dokta, kuuliza ndiyo kazi yako. Lakini kuuliza nilikuwa nimeuliza. Nifanye nini zaidi? Asubuhi nilitembea hadi Kashebere, nikaingia dukani bila taarifa, nikasema:

"Papa, nipikie kahawa. Vile unajipikiaka wewe mwenyewe."

Alifurahi sana. Alichemsha maji, akatia unga wa kahawa, harufu ikajaa duka. Akamimina katika kikombe kikubwa cha bati. Halafu akachukua kijiko cha supu, akakichovya katika gunia la sukari. Kimoja. Viwili. Vitatu, vinne, vitano, vyote vyenye kilima juu. Akatia maziwa ya unga, vijiko viwili. Akakoroga mpaka ikawa nzito kama uji, akaweka mandazi matatu pembeni.

"Unakunywa vikombe ngapi?"

"Ulisema asubuhi na muchana. Lakini mi ninataka kupona haraka. Ninakunywa sita."

Sikujua nicheke au nilie. Mfanyabiashara wa kwetu akinywa kahawa bila sukari watu watasema amefilisika. Hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa amekunywa kahawa kama mtu mwenye heshima zake anavyoinywa Kashebere, na muuguzi wake, mtoto wa mkulima wa kahawa, hakujua kahawa inanywewaje.

Nikatoka mlangoni nikaita upande wa pili wa barabara, "Mama Kavira! Kuya uone!"

Alikuja polepole, mikono kifuani. Nilimwomba Papa Kambale achukue sahani na kuweka humo sukari ya siku moja, kikombe kwa kikombe, kwa kijiko kilekile. Alihesabu kwa sauti. Alipofika ishirini sauti ilianza kupungua. Alipofika thelathini, sukari ilikuwa ikimwagika mezani.

"Hii yote?" aliuliza mwenyewe. "Mimi?"

Nilimtazama Mama Kavira, nikitegemea aone aibu ya mumewe. Lakini yeye hakuitazama sahani. Alikuwa akikitazama kijiko.

"Hii kijiko iko yangu," alisema. "Njo mimi nilimuzoesha."

Akakaa kwenye gunia, akatueleza. Wiki ya kwanza baada ya kiapo, Kambale alikuwa akitetemeka kila jioni, akizunguka nyumba, akitafuta chupa ambayo haikuwepo. Yeye alimtengenezea chai. Hakuitaka. Akaongeza kijiko cha sukari. Siku iliyofuata kijiko kingine. Alikuwa akiongeza mpaka akaona mikono imetulia. Ilitulia kwenye kijiko cha tano.

"Nikasema, Mungu wangu, nimemuponyesha," alisema. "Miaka yote hii nilihesabu tano. Nilijua tano njo inamuweka."

Papa Kambale alisimama na kijiko mkononi. "Na iliniweka, Mama," alisema. "Iliniweka."

Kisha Mama Kavira aliinuka, akachukua kile kikombe, akakimwaga nje kwenye mawe, akarudi na kukisuuza.

"Sikusema nimeamini," alinionya kwa kidole. "Narudi kumuchunga. Mi njo nitapika, mi njo nitatia kijiko. Ini isipopungua, iko pombe, na mi naenda. Furushi inabaki kule kwa mushonaji."

Nilimwambia hilo ni haki yake. Na vijana, msikilizeni vizuri mwanamke wa namna hiyo mkimpata, maana hakuna muuguzi wala mashine inayofuatilia mgonjwa kama yeye. Alishusha kijiko kimoja kila wiki mbili, kwa njia ileile aliyokipandisha. Mandazi yakawa ya Jumapili. Akampikia sombe, yaani kisamvu, kwa mawese kidogo, maharagwe, na mchicha wetu wa lenga-lenga. Asubuhi alimpeleka shambani kwake juu ya kilima na jembe begani, na wanawake wa mihogo wakapata jambo jipya la kutania.

"Papa Kambale, lori imepona? Tunaona inapanda!"

"Inapanda," alihema, "lakini haina breki!"

Malori hayakufika haraka kama tulivyosikia. Barabara ilifungwa tena, kisha ikafunguliwa, kisha ikafungwa. Katika muda huo mkanda ulirudi tundu moja, mawili, manne. Nilipomsindikiza kwa Dokta Anselme, alimpitishia kichuma cha ile mashine kwenye tumbo, akaniita nitazame. Figo ilikuwa ya kijivu. Ini pembeni yake lilikuwa la kijivu pia, karibu lifanane. Mama Kavira aliinama mbele ya kioo cha mashine muda mrefu. Wodini, yule msichana hakuwepo tena. Alikuwa ameondoka kwa miguu yake mwenyewe, akimvuta mama yake mkono, waliniambia.

Siku malori yalipopita kweli, nilikuwa Kashebere kwa kazi ya chanjo. Matatu, yenye matope mpaka juu, yakipiga honi kama harusi. La kwanza lilisimama mbele ya duka. Nikamwona Mama Kavira akivuka barabara, akaingia kwa mshona nguo, akatoka na furushi lake kichwani, na mafundo yale mawili. Papa Kambale alisimama mlangoni. Dereva akamfungulia Mama Kavira mlango.

"Mama, tunapanda?"

"Panda wewe," alimjibu. "Mi niko na mutu wa kuchunga."

Akalizunguka lori, akaingia nyumbani kwake, na nikasikia furushi likitua sakafuni.

Baadaye kidogo aliniita ndani. Kwenye meza palikuwa na vikombe vitatu vya kahawa nyeusi. Nilikaa, nikaunyosha mkono kwenye bakuli la sukari bila kufikiri, maana mimi mwenyewe, niliyekuwa nikihubiri muda wote huo, sikuwahi kuinywa hivyo. Papa Kambale aliuzuia mkono wangu, taratibu.

"Mama Muganga. Onyesha kijiko."

Walicheka mpaka Mama Kavira akashika ukuta. Nikakirudisha kijiko, nikanywa. Ilikuwa chungu, kisha ulimini ikabaki ladha ambayo sikuitarajia, ya tunda, ya mikono yetu ya utotoni.

"Hii imetoka wapi?" nikauliza.

"Kwenu," alisema Papa Kambale. "Ba Mama bameileta kwa miguu, kutoka Masisi."

Nilikimaliza kikombe. Nikaomba kingine, kwa ajili ya baba.